Kano Jigoro: Mwalimu Aliyeanza kwa Kufundisha Watu Kuanguka

Ukitaja judo kwenye vijiwe vya chuo, swali la kwanza utakaloulizwa ni unataka kumpiga nani. La pili ni kama unajiandaa kuwa baunsa. Siwalaumu wanaouliza. Filamu ndizo zilizotulea hivyo: kijana anaonewa, anapelekwa kwa mzee mlimani, anafundishwa, anarudi kulipiza kisasi, filamu imeisha, tunazima taa tunalala.

Sasa ngoja niwaletee habari za mtu mwenyewe aliyeanzisha judo, maana maisha yake yalianza kama filamu hizo kisha yakaenda njia nyingine kabisa. Anaitwa Kano Jigoro. Kano ni jina la ukoo, Jigoro ni lake, kwa sababu Wajapani hutanguliza ukoo. Alizaliwa mwaka 1860 na kufariki 1938. Wengi wanaolijua jina lake wanamjua kwa judo tu, lakini kazi iliyomlipa mshahara kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa ualimu. Kwa zaidi ya miaka 20 aliongoza chuo cha kuandaa walimu wa sekondari jijini Tokyo. Kwa hiyo mimi ninayesoma elimu namhesabu kama mwenzetu wa fani, na naona ajabu kwamba kwenye kozi zetu tunapitia wanafalsafa wa elimu wa kila aina, huyu hatumgusi.

Kano alizaliwa Mikage, kijiji cha pwani karibu na mji wa Kobe. Ukoo wa mama yake ulikuwa maarufu kwa kutengeneza pombe ya mchele, na baba yake alikuwa mtu wa mambo ya meli na biashara, akifanya kazi na serikali. Kwa maneno ya siku hizi, mtoto wa kishua. Lakini akiwa na miaka kama tisa hivi mama yake akafariki. Muda si mrefu baba akamchukua na kumpeleka Tokyo, mwaka 1871.

Japani ya wakati ule ilikuwa inageuka juu chini. Mwaka 1868 utawala wa shoguni uliokaa zaidi ya karne mbili na nusu ulikuwa umeanguka. Samurai, yaani tabaka la wapiganaji, wakapoteza vyeo na posho zao, na mwaka 1876 wakapigwa marufuku hata kutembea na panga hadharani. Kila kitu cha Ulaya kikawa kizuri, kila kitu cha zamani kikawa ushamba. Nadhani sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa sana hali hiyo ilivyo.

Katika jiji hilo lililochangamka, Kano alipelekwa shule ya bweni ambako masomo yalifundishwa kwa Kiingereza na Kijerumani. Darasani alikuwa moto. Bwenini ilikuwa shida. Alikuwa mdogo wa umbo, mwembamba, na hata alipokuwa mtu mzima urefu wake haukufika sentimita 160. Wakubwa bwenini walimfanya wanavyotaka. Aliyesoma bweni anajua: akili za darasani hazikulindi usiku. Mtoto asiye na mama, ametoka pwani, yuko katikati ya watu wanaomzidi kimo na wanaomchukia kwa kuwazidi maksi. Hapo ndipo alipoanza kutamani kujifunza jujutsu, sanaa ya zamani ya kupigana kwa mikono mitupu, ambayo alikuwa amesikia kwamba inamwezesha mnyonge kumshinda mwenye nguvu.

Tatizo likawa kumpata mwalimu. Mgeni mmoja aliyekuwa akimtembelea baba yake, mtumishi wa zamani wa shoguni, aliijua jujutsu lakini akakataa kumfundisha. Baba naye hakutaka kusikia. Kwake hayo yalikuwa mambo ya enzi iliyopita, na kijana wake alitakiwa kushika vitabu. Walimu wa jujutsu wenyewe walikuwa wameishiwa. Wanafunzi hawaji, kumbi zimefungwa, na wengi wao walikuwa wakijipatia riziki kwa kuunga mifupa, kwa sababu kwenye mazoezi yao ya miaka mingi walijifunza viungo vinavyoteguka na namna ya kuvirudisha. Kano alipoingia chuo kikuu akatumia akili: badala ya kutafuta mwalimu wa kupigana, akawa anawatafuta waunga mifupa na kuwauliza kama wanaijua jujutsu. Mzee mmoja wa namna hiyo akamwelekeza kwa mwenzake aliyeitwa Fukuda Hachinosuke. Mwaka 1877, Kano akiwa na miaka 17 hivi, akaanza.

Ualimu wa Fukuda ulikuwa wa kale. Siku moja Kano alimuuliza mtupo fulani unafanywaje, mkono unakaa wapi na mguu unaenda wapi. Mzee akamwita karibu, akambwaga chini. Kano akainuka, akauliza tena. Akabwagwa tena. Ikawa hivyo mara kadhaa, na mwisho wa somo jibu lilikuwa kwamba ukibwagwa mara nyingi utaelewa. Alirudi nyumbani mwili mzima umechubuka, amejipaka dawa ya kuchua hadi wenzake wakawa wanamjua kwa harufu. Lakini hakuacha. Kama alikosa ufafanuzi kwa mwalimu, akautafuta kwingine. Ukumbini kulikuwa na mtu mnene mwenye nguvu aitwaye Fukushima, ambaye Kano alikuwa hamwezi hata kidogo. Akajaribu mbinu za sumo, mieleka ya jadi ya Kijapani, zikagoma. Akaenda maktaba, akasoma vitabu vya mieleka ya Wazungu, akakuta namna ya kuingia chini ya mtu na kumbeba mabegani. Akaifanyia mazoezi, kisha akamnyanyua Fukushima na kumweka chini. Mbinu hiyo imo katika judo mpaka leo na inaitwa kata guruma. Yaani imetoka maktaba, ndugu zangu, na mwenye kadi ya maktaba asiidharau.

Kisha vikaja vifo. Mwaka 1879 Fukuda alifariki, na familia yake ikamkabidhi Kano, kijana wa miaka 18 tu, hati za siri za mtindo wao. Akahamia kwa mwalimu mwingine, Iso Masatomo. Naye akafariki mwaka 1881. Akaenda kwa wa tatu, Iikubo Tsunetoshi, wa mtindo mwingine uitwao Kito-ryu. Mwaka huohuo wa 1881 akahitimu chuo kikuu katika siasa na uchumi. Mtu mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Tokyo wakati ule angeweza kuingia wizarani moja kwa moja na kula maisha. Kano akachukua kazi ya kufundisha katika Gakushuin, shule ya watoto wa wakubwa, na jioni akaendelea kubwagana na watu.

Jambo lililomshika halikuwa tena kisasi. Wale wa bwenini sijaona popote kwamba aliwahi kuwarudia. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kabla ya mazoezi alikuwa mtu wa hasira za haraka, na kwamba kadiri mwili wake ulivyopata nguvu ndivyo moyo ulivyotulia. Aliona kwamba mtu asiyeogopa kupigwa hana haja ya kuthibitisha chochote. Akaanza kujiuliza: kama jambo hili limenifaa mimi hivi, kwa nini lisifundishwe kama elimu, badala ya kufichwa kama siri ya kumwangamiza adui?

Mwaka 1882, akiwa na miaka 21, akapanga vyumba katika Eishoji, hekalu la Kibuddha jijini Tokyo, akafungua ukumbi wake na kuuita Kodokan, maana yake ukumbi wa kujifunzia njia. Mahali pa mazoezi palikuwa na mikeka 12 ya Kijapani, eneo lisilozidi mita za mraba 20. Mwaka wa kwanza waliandikishwa wanafunzi tisa. Jina la jujutsu akalibadili kuwa judo. Sehemu ya kwanza, ju, ni ulaini wa kutoshindana na nguvu kwa nguvu. Jutsu ni mbinu tu, lakini do ni njia, mwenendo wa maisha. Kubadili silabi hiyo ya mwisho ndiko kulikobeba ajenda yake yote.

Wanafunzi wengine waliishi naye palepale hekaluni. Wengi hawakuwa na kitu. Kano aliwalisha, akawapa mavazi ya mazoezi, na mshahara wa Gakushuin ulipopungua akawa anafanya kazi ya kutafsiri maandiko usiku ili chakula kipatikane. Mtawa mwenye hekalu alivumilia mpaka akachoka, maana kila mtu akibwagwa, nyumba inatikisika na vibao vya kumbukumbu za marehemu vinadondoka madhabahuni. Mbao za sakafu zikivunjika, Kano mwenyewe alikuwa akiingia chini ya sakafu na taa kuzitengeneza. Mhitimu wa chuo kikuu, mwalimu wa watoto wa mabwana, anatambaa kwenye vumbi usiku ili kesho vijana tisa wapate pa kuangukia.

Naomba nisimame hapo kwenye kuangukia, kwa sababu ndiyo siri ya ualimu wake. Somo la kwanza la judo si kumwangusha mtu. Ni kuanguka wewe: kidevu kifuani, mgongo umekunjwa, mkono unapiga mkeka kwa wakati ili ardhi ipokee kishindo badala ya mifupa. Kano alilifanya hilo kuwa msingi wa kila mwanafunzi. Zile mbinu za kuvunja viungo na kupiga sehemu za hatari akaziondoa kwenye mazoezi huru, akaziacha katika maumbo yanayofanywa taratibu kwa makubaliano. Matokeo yake watu wakaweza kushindana kwa nguvu zao zote kila siku na kesho yake wakarudi wazima. Halafu akakifanyia kazi kile ambacho Fukuda hakuweza kumweleza kwa maneno. Akachunguza kwa nini mtupo unakubali au unakataa, akagundua kwamba kabla hujamwinua mtu lazima umyumbishe, uzito wake utoke juu ya miguu yake. Akisukuma, vuta. Akivuta, sukuma. Akalipa jambo hilo jina, akaligawa hatua kwa hatua, akalifundisha. Sisi wa elimu tungesema aliandaa mtaala.

Na kuna kitu kingine ambacho nisingekielewa kwa kusoma tu. Mimi mwenyewe nacheza judo jioni, mkanda wangu bado mweupe. Nilifika chuo hiki kutoka mkoani bila kumjua mtu, na tunajua mwaka wa kwanza ulivyo: lekcha ya watu mia sita, hakuna anayejua jina lako, siku zinakwenda. Mkekani haiwezekani kubaki bila jina. Huwezi kufanya judo peke yako. Lazima mtu mwingine akupe mwili wake uujaribie, na anapokubwaga, mkono wake mmoja unabaki umeshika mkono wa vazi lako na kukuvuta juu kidogo ili usifikie chini kwa kichwa. Anayekuangusha ndiye anayekulinda. Kabla mmeinamiana kwa heshima, na baada ya hapo mnainamiana tena. Kano alilitungia jambo hilo kanuni mbili alizozitangaza rasmi mwaka 1922: kwanza, kutumia nguvu za mwili na akili kwa namna bora kabisa, pili, mimi na wewe tustawi pamoja. Zikiandikwa ukutani zinaonekana kama kaulimbiu tu. Ukishabwagwa mara hamsini na mtu yuleyule anayekuinua, unazielewa.

Kodokan ilikua haraka. Katika mashindano ya polisi wa Tokyo miaka ya 1880, vijana wa Kano waliwashinda watu wa mitindo ya zamani, na polisi wakaanza kuchukua walimu kwake. Ili mwanafunzi aone anakoelekea, akaweka madaraja, na mwaka 1883 wawili wa kwanza, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro, wakapewa dani ya kwanza. Mkanda mweusi ukaja miaka michache baadaye. Wenzetu wa karate, hili linawahusu: Funakoshi Gichin alipotoka Okinawa mwaka 1922 kuionyesha karate Tokyo, Kano alimwalika Kodokan, na karate ikachukua kwa judo utaratibu wa vazi jeupe na mikanda. Kwa hiyo ule mkanda mnaoringia nao ukumbini una mkono wa mwalimu wetu huyu.

Mwaka 1893 akawa mkuu wa Chuo cha Juu cha Ualimu cha Tokyo, akakiongoza kwa vipindi mpaka 1920. Chuo hicho ni babu wa Chuo Kikuu cha Tsukuba cha leo, na sanamu yake imesimama hapo. Mwalimu mmojawapo wa Kiingereza aliyempa kazi ni Natsume Soseki, ambaye baadaye akawa mwandishi mkubwa wa riwaya Japani. Kano aliwataka walimu wanafunzi washiriki michezo, wakiwemo wale wasio na kipaji, na akaanzisha mbio ndefu za chuo kizima. Hoja yake ilikuwa rahisi: atakayekwenda kulea miili na akili za watoto awe ameulea mwili wake kwanza.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya wageni. Japani iliipiga China katika vita vya 1894 na 1895. Mwaka 1896 serikali ya China ikaleta vijana 13 kusoma Japani, na kazi ya kuwalea akapewa Kano. Fikiria vijana hao: nchi yao imeshindwa vitani jana, leo wamo katika jiji la mshindi, na mitaani wanachekwa kwa mavazi na nywele zao. Kano akawafungulia shule ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kobun Gakuin. Walipita hapo maelfu kabla haijafungwa mwaka 1909. Mmoja wao alikuwa kijana aliyesoma pale kuanzia 1902 hadi 1904, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Lu Xun, baba wa fasihi mpya ya China. Baadhi ya wanafunzi hao waliingia pia kwenye mkeka wa judo. Yule mtoto aliyekuwa peke yake bwenini sasa alikuwa ndiye mwenye bweni.

Mwaka 1909 akachaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mtu wa kwanza kutoka Asia. Mwaka 1912 akaongoza timu ya kwanza ya Japani kwenda Stockholm, nchini Sweden. Timu yenyewe ilikuwa na wanariadha wawili tu. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa chuo chake cha ualimu, Kanakuri Shizo, mkimbiaji wa marathoni. Siku ya mbio kulikuwa na joto kali. Kanakuri akazidiwa njiani, akatunzwa na familia moja ya hapo, kisha akaondoka kimya kwa aibu bila kuwaarifu waandaaji. Wasweden wakabaki wanamhesabu kama mtu aliyepotea. Lakini Kanakuri hakuacha kukimbia. Alirudi kwenye Olimpiki ya 1920 na ya 1924, akawa mwalimu, akasaidia kujenga mbio ndefu Japani nzima. Mwaka 1967 Wasweden wakamwalika akamalizie. Akakanyaga mstari akiwa mzee wa miaka 75, na muda wake ukaandikwa: miaka 54, miezi 8 na siku kadhaa. Huyo ni mwanafunzi aliyefundishwa na mtu anayeanza kwa somo la kuanguka. Kwetu kila mwaka wapo wanaopata sapu tatu au wanaodisko, wakafunga begi usiku bila kumuaga hata mwenza wa chumba. Mwalimu wa namna ya Kano angewatafuta.

Tusimfanye malaika. Wanawake aliwafundisha tangu 1893, jambo adimu kwa zama zake, na mwaka 1926 Kodokan ikafungua idara yao. Lakini hawakuruhusiwa mashindano, na madaraja yao yalikuwa na dari. Mjukuu wa kike wa mwalimu wake wa kwanza, Fukuda Keiko, aliyealikwa na Kano mwenyewe na akaanza mwaka 1935, alikaa dani ya tano tangu 1953 hadi 1972 kwa sababu tu ni mwanamke. Hakuondoka. Alihamia Marekani, akafundisha San Francisco hadi uzeeni, na mwaka 2011, akiwa na miaka 98, Wamarekani wakampa dani ya kumi. Hakufika hata mita moja na nusu kwa urefu.

Gumu zaidi ni suala la vita. Kuanzia 1911 judo iliingia mashuleni Japani, na kadiri jeshi lilivyoshika nchi katika miaka ya 1930, judo nayo ikavutwa kuandaa askari. Kano hakupenda inavyogeuzwa kuwa ushindani wa kushinda tu. Hata hivyo alibaki ndani ya mfumo uleule. Mwaka 1936, kwa kura 36 dhidi ya 27 za Helsinki, Tokyo ikapewa Olimpiki ya 1940, na yeye alikuwa amehangaikia jambo hilo kwa miaka. Mwaka uliofuata Japani ikaivamia China, nchi ya wanafunzi wake wa zamani. Wengi duniani wakataka Tokyo inyang'anywe michezo. Machi 1938, mzee wa miaka 77 akasafiri hadi Cairo, Misri, kuitetea. Akafanikiwa. Hapa mimi huwa nakwama. Je, alikuwa anatafuta amani kwa kuileta dunia Tokyo, au alikuwa anaisafisha sura ya serikali inayoua? Nikimsoma naona moyo wake ulikuwa kwenye la kwanza, lakini kazi yake ingeweza kutumika kwa la pili. Mwalimu anaweza kuwa na kanuni safi ukutani na bado nchi yake ikamtumia. Hilo nalo ni somo, na halipo kwenye silabasi.

Akarudi kupitia Marekani na Kanada, akapanda meli iitwayo Hikawa Maru kuvuka Pasifiki. Njiani akaugua nimonia. Tarehe 4 Mei 1938 akafariki baharini, ikiwa imebaki siku mbili kufika Yokohama. Julai mwaka huohuo serikali ya Japani ikairudisha Olimpiki yenyewe, kwa kuwa vita vimekula kila kitu.

Baada ya vita Wamarekani walioikalia Japani wakaiondoa judo mashuleni, ikarudi mwaka 1950. Olimpiki ikafika Tokyo mwaka 1964, na judo ikawemo kwa mara ya kwanza. Katika fainali ya uzito wa wazi, Mholanzi mrefu Anton Geesink akamkandamiza Mjapani Kaminaga Akio mpaka muda ukaisha. Ukumbi mzima ukanyamaza. Waholanzi wakaanza kukimbilia mkekani kushangilia. Geesink, akiwa bado chini na mpinzani wake, akainua mkono kuwazuia. Akasimama, wakasawazisha mavazi, wakainamiana. Japani ilipoteza dhahabu iliyoitaka kuliko zote, lakini kile kitendo kilionyesha kwamba somo la Kano limefika ugenini likiwa zima. Limefika na kwetu: Zanzibar watu wanafanya judo kwa miaka mingi sasa, na Olimpiki ya Paris ya 2024 Tanzania ilikuwa na mcheza judo.

Wenzangu wa elimu, muda si mrefu tutapangiwa shule za mazoezi ya kufundisha. Tutapewa chaki, ratiba, na katika shule nyingi fimbo itakuwa imeegemezwa ofisini ikitusubiri. Tutakuwa wakubwa kuliko walio mbele yetu, na wao watalijua hilo hata tusiposema. Kano alikuwa mdogo kuliko wote bwenini, kisha akawa mwenye mamlaka kuliko wote chuoni, na katika hali zote mbili alijiuliza jambo lilelile: nguvu hii inatumikaje ili wote wawili watoke wazima? Darasani mwetu kutakuwa na mtoto aliyefiwa na mama, aliyehamia kutoka mbali, mdogo wa umbo, anayeonewa bwenini. Hatuna haja ya mikeka 12 kumwona. Tuanze na jina lake, kisha tumwoneshe anavyoweza kuanguka bila kuvunjika.

Na kwa wasio wa elimu: mazoezi ni jioni, mnaoanza mnakaribishwa, na hakuna atakayekuuliza unataka kumpiga nani.